HAKI YA MAREHEMU ISILIWE NA BEI
Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu, mwenye duka Themi, Arusha, mbele ya ndugu wa visiwani wakaao mji huo



Nimeombwa na tawi niseme machache juu ya malipo wapewayo wajane na mayatima wa watumishi wa umma waliostaafu kisha wakafariki. Mimi si mwanasheria wala sikupita chuo kikubwa. Nilisoma chuoni kwa mwalimu wangu, nikajifunza Kurani, na hesabu nimejifunza nyuma ya mizani ya duka. Lakini jambo hili ni la mizani, kwa hivyo nathubutu kulisema.

Kwanza yapasa tujue pensheni ni kitu gani, kwani wako watu, na baadhi yao wamo katika vyeo, waionao kuwa ni sadaka ya Serikali kwa wazee. Sivyo. Mtumishi hufanya kazi miaka thelathini, na katika ujira wake hukatwa fungu kila mwezi, na mwajiri huongeza fungu lake. Fungu hilo ni mshahara uliowekwa amana mpaka nguvu zimwishie. Akifa kabla ya kuifaidi amana yake, haki ile haifi pamoja naye; huwarudia wale aliokuwa akiwalisha. Basi mjane aendaye ofisini kudai hakwenda kuomba. Amekwenda kuchukua chake.

Lakini chake hicho ni kiasi gani? Hapa ndipo penye ugonjwa. Amana ya mchele ukiirudisha baada ya miaka kumi, pishi ni pishi. Amana ya shilingi ukiirudisha baada ya miaka kumi, shilingi ni ile ile kwa jina, ila pishi imepungua. Sisi wenye maduka tukipunguza mawe ya mizani, Wakala wa Vipimo hutukamata akatupeleka mahakamani, na ni haki yake. Lakini shilingi ya mjane ikipunguzwa uzito mwaka baada ya mwaka, hakuna anayekamatwa, kwa kuwa hapana mkono ulioonekana ukipunguza.

Mfano mkubwa wa jambo hili hatuna haja ya kuutafuta mbali, kwani ulianza hapa hapa Arusha. Mwaka 1967 Tanzania, Kenya na Uganda zilifunga mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mji huu ukafanywa makao yake makuu. Majumba yale matatu yaitwayo leo Kituo cha Mikutano cha Kimataifa yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya hiyo. Chini yake kulikuwa na mashirika makubwa: la Reli, la Bandari, la Posta na Simu, na la Ndege, na nyuma ya mashirika hayo walikuwako maelfu ya makarani, madereva wa garimoshi, mafundi wa simu, mabaharia na wapagazi wa gatini.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Wakubwa walipogombana, mali ilikuwa na mtetezi: kila nchi ilishika mabehewa yaliyokuwa kwake na ndege zilizotua kwake. Mtumishi hakuwa na mtetezi. Alitoka kazini na karatasi mkononi isemayo kuwa anadai.

Akaletwa msuluhishi, Dakta Victor Umbricht, mtu wa Uswisi, akazunguka baina ya miji mikuu mitatu kwa miaka. Hatimaye, tarehe 14 Mei 1984, marais watatu, Nyerere, Moi na Obote, wakatia saini mapatano ya kugawana mali na madeni, na saini hizo zilitiwa hapa hapa Arusha. Katika mapatano hayo mlikuwa na fungu la watumishi: kila nchi iwalipe raia wake pensheni na haki zao nyingine zilizokuwa zimekusanyika mpaka mwisho wa Juni 1977. Ahadi ni deni, na deni hili liliandikwa kwa wino wa marais.

Je, lililipwa? Wazee wa Tanzania walingoja. Wakaandika barua, wakaunda kamati, na mwaka 2003 wakafungua kesi katika Mahakama Kuu, watu 31,831. Mwaka 2005 Serikali ikakubaliana nao mahakamani, na fedha iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 117. Tokea Jumuiya kuvunjika mpaka mapatano hayo ni miaka ishirini na minane. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na watoto wake mwenyewe. Wengi katika wale waliodai hawakuwapo tena duniani, na waliokuja kupanga foleni ni wajane wao na auladi wao wenye barua za usimamizi wa mirathi mikononi.

Bilioni ni neno la kutisha. Lakini sisi ni watu wa maduka, na tutende kama tufanyavyo dukani: tugawe. Bilioni 117 ukizigawa sawa kwa watu 31,831, kila mmoja anaangukiwa na shilingi milioni tatu na laki sita na kidogo zaidi. Sisemi kwamba waligawiwa sawa, maana kila mtu na cheo chake na miaka yake, nasema wastani. Sasa zigawe hizo kwa miezi ya miaka ishirini na minane. Utapata kama shilingi elfu kumi na mia tisa kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya kungoja.

Na hesabu ya pili ni kali kuliko hiyo. Mwaka 1977 dola moja ya Kimarekani ilipatikana kwa shilingi nane na senti. Mwaka 2005 dola hiyo hiyo ilitaka zaidi ya shilingi elfu moja na mia moja. Basi mtu aliyekuwa akidai shilingi 10,000 mwaka 1977 alikuwa akidai dola 1,200 na zaidi. Mtu huyo angelipwa shilingi zake 10,000 mwaka 2005 bila ya nyongeza, angepokea kisichofika dola tisa. Na hapakuwa na mwizi. Katika miaka ya themanini bei katika nchi yetu zilikuwa zikipanda kwa kiasi cha asilimia thelathini kwa mwaka. Kwa mwendo huo, kitu cha shilingi moja huwa kimepita shilingi mbili kabla miaka mitatu haijatimia. Madhali deni lilikaa bila ya kulipwa katika miaka hiyo, kila siku ya kuchelewa ilikuwa ni faida kwa mdaiwa na hasara kwa mdai.

Mtasema hayo ni ya Tanzania. Jirani zetu nao je? Mwaka 2010 mtumishi mmoja wa Kenya na wenzake 748 walikuja katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyo hapa Arusha wakiishitaki Serikali yao kwa ajili ya haki zile zile za mwaka 1977. Mahakama ikasema kwamba Mkataba wa Jumuiya mpya, ulioanza kutumika mwaka 2000, haurudi nyuma kuyafikia mambo ya zamani. Wakarudi mikono mitupu. Mji uliozaa ahadi yao ndio mji ulioufunga mlango wao.

Ndugu zangu, huenda mmoja wenu akasema: hayo ni ya wazee wa Bara, sisi watu wa visiwani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Vijana wa Unguja na Pemba walifanya kazi katika bandari, posta na simu na ndege kama wenzao. Na mpaka leo bandari, posta na simu, na usafiri wa anga yamo katika orodha ya mambo ya Muungano. Mjane wa Wete au wa Makunduchi ambaye mumewe alitumikia idara hizo, faili lake liko ng'ambo ya bahari. Kila karatasi inayopungua humgharimu nauli ya boti na siku za kulala kwa watu.

Tena yatuhusu kwa sababu ya leo, si ya jana peke yake. Mwaka 2018 mifuko minne ya Bara ya watumishi iliunganishwa ikawa mfuko mmoja wa umma, uitwao PSSSF. Kwetu Zanzibar tunao mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, ZSSF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Na tangu Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar huwapa wazee waliotimia miaka sabini pensheni jamii, hata wasiochangia kitu, na kiwango cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Jambo jema husemwa kuwa ni jema, ingawa limetendwa na mpinzani wako. Na hilo lilikuwa jema. Walakini shilingi 20,000 zile zilikaa vile vile miaka kadhaa kabla ya kupandishwa, na katika miaka hiyo unga, mafuta na sukari havikukaa.

Kwa upande wa Bara, mstaafu wa mfuko wa umma akifariki, wategemezi wake hupewa mkupuo ulio sawa na pensheni yake ya miezi thelathini na sita. Hapo ndipo pa kupatazama kwa macho mawili. Kiwango cha chini cha pensheni ya Serikali kilipandishwa Julai 2015 kutoka shilingi elfu hamsini na kitu kufika shilingi 100,125 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi thelathini na sita: shilingi 3,604,500. Hayo ndiyo malipo ya kifo cha mtu wa kiwango cha chini.

Kiwango hicho kikakaa hapo miaka tisa. Bei katika miaka hiyo hazikuruka kama za zamani. Zilitambaa, kwa wastani wa kama asilimia nne kwa mwaka. Nne ni ndogo masikioni. Lakini zirundike mara tisa, na mjane aliyefiwa mwaka 2024 akashika shilingi 3,604,500 zile zile, ameshika kitu kinachonunua kile ambacho mwaka 2015 kilinunuliwa kwa milioni mbili na nusu. Zaidi ya milioni moja imetoka katika mfuko wa kanga yake, na risiti hana. Viwango vilipopandishwa baadaye, vilipandishwa kwa walio hai. Aliyekwisha chukua mkupuo wake kabla ya siku hiyo hakurudiwa.

Na kumbukeni kwamba mkupuo ni mkupuo. Miaka mitatu ya chakula huja kwa siku moja, siku ya msiba, wakati mkubwa ana deni la sanda na la hospitali, na mdogo anadaiwa ada. Baada yake hapana mwezi wa kungojea. Mimi naona katika daftari langu la mkopo: nyumba za pensheni hulipa kila mwezi bila ya kukosa hata kama ni kidogo. Mzee akiondoka, nyumba hulipa yote kwa mara moja, kisha baada ya mwaka jina hurudi katika daftari na halitoki tena.

Sasa nizijibu hoja mbili ambazo husemwa.

Hoja ya kwanza: Hazina haina fedha. Najibu, hakuna Hazina iliyo na fedha ya kutosha, wala hakuna duka. Lakini siku bei ya bidhaa itozwayo kodi kwa mia inapopanda, mimi hupandisha bei yangu, na Serikali kodi yake hupanda pamoja. Mapato ya Serikali hufuata bei yenyewe bila ya kuombwa. Kwa nini malipo ya mjane yangoje hotuba ya Mei Mosi? Kinachofuata bei wakati wa kuingia, na kifuate bei wakati wa kutoka.

Hoja ya pili ni ya dini, nayo yataka adabu. Wako wasemao kwamba kuongeza fedha juu ya deni kwa sababu ya wakati ni riba. Wanazuoni wameijadili khabari hii. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilikutana Kuwait mwaka 1988, likaamua kwamba deni la fedha hulipwa kwa mfano wake, si kwa thamani yake. Hilo tunalikubali. Lakini baraza hilo hilo lilipokutana Brunei mwaka 1993 liliruhusu ujira kufungamanishwa na kupanda kwa bei. Na pensheni ni nini kama si ujira? Hatuombi faida juu ya mkopo. Twaomba sheria iseme tangu mwanzo kwamba ujira huu uliocheleweshwa utapimwa kwa pishi ya siku utakapolipwa. Hayo si riba. Hayo ni kutimiza mizani.

Tena jambo hili si geni duniani. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika mkataba wake nambari 102 wa mwaka 1952, limetaka malipo ya uzee na ya kufiwa na mlishaji yaangaliwe upya kila gharama za maisha zinapobadilika sana. Uingereza ina sheria ya mwaka 1971 ya kuongeza pensheni za watumishi wa umma, na nyongeza hiyo hufuata bei kila mwaka. Mwaka 1973 Uingereza ikajitwika pia pensheni za maofisa wake waliotumikia makoloni, pamoja na za wajane wao, nazo zikaingia katika nyongeza hiyo. Fikirini basi maana yake. Bwana mkubwa wa Kizungu aliyekaa ofisini Dar es Salaam au Zanzibar, mjane wake kule Uingereza hupandishiwa malipo kila mwaka bei zinapopanda. Karani Mwafrika aliyekaa meza ya pili katika ofisi hiyo hiyo, akaiendea Jumuiya, akafa akidai, mjane wake alingoja miaka ishirini na minane. Ukoloni uliondoka; lakini katika jambo hili mkoloni aliwatunza watu wake kuliko sisi tulivyowatunza wetu. Neno hili linauma, na kwa kuwa linauma ndipo yafaa lisemwe.

Basi chama chetu kidai nini? Kwa maoni yangu mambo manne, na nayaweka mbele ya tawi ili yapelekwe makao makuu.

La kwanza, iwe sheria, si ihsani, kwamba kila tarehe mosi Julai pensheni zote, za walio hai na za wategemezi, zipandishwe kwa kipimo cha bei kitolewacho na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kwa Zanzibar na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Kipimo kipo na hutangazwa kila mwezi; kilichokosekana ni amri ya kukitumia.

La pili, mkupuo wa kifo uhesabiwe kwa kipimo hicho mpaka siku unapolipwa, si siku ya kifo tu. Ofisi ikichelewa mwaka, hasara ya mwaka iwe ya ofisi. Mkifanya hivyo mtaona mafaili yanavyotembea upesi.

La tatu, mjane asiye na nguvu ya kazi apewe hiari ya kuchukua fungu la kila mwezi maisha yake yote badala ya mkupuo wa miezi thelathini na sita.

La nne, watumishi wa visiwani waliokuwa katika idara za Muungano wapate mahali pa kupeleka karatasi zao na kujibiwa huko huko Unguja na Pemba.

Na wakati tukidai kwa Serikali, tusijisahau sisi wenyewe. Kila mwanachama aliye mtumishi na aende akatazame majina ya wategemezi aliyoandikisha. Wako watu wameoa na kuzaa, na faili bado lataja mama aliyekwisha kufariki. Barua ya kuajiriwa, hati za mshahara, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwekwe pamoja, na mke ajue vilipo. Mwanamume anayeficha karatasi zake amhifadhi mkewe, kwa hakika amwachia kesi. Na mtu akifariki, usimamizi wa mirathi ufunguliwe upesi: kwa Mwislamu wa Zanzibar, kwa kadhi na katika Kamisheni ya Wakfu, kwa tuliopo huku, katika mahakama ya mwanzo. Tumeona kwamba kuchelewa si kungoja tu. Kuchelewa ni kupunjwa.

Wako watakaosema kwamba hili si jambo la siasa, kwamba siasa ni viti na kura na bendera. Mimi nasema siasa isiyomfikia mjane mlangoni ni mchezo wa wakubwa. Chama kikitaka kujulikana ni cha haki, kisimame mahali ambapo mwenye haki hawezi kusimama mwenyewe. Na hakuna asiyeweza kusimama kuliko maiti. Yeye alishafanya kazi yake, akakatwa fungu lake, akanyamaza. Kusema kumebaki kwetu.

Mwenyezi Mungu awarehemu wale wote waliokufa wakidai, awape subira wajane wao, na atujaalie sisi tuwe watu wa kutimiza kipimo, tukipewa madaraka na tusipopewa.